Kuhamia Nchi ya Baridi: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Kufunga Mizigo

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya Makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho)



Msimu wa korosho unapokwisha na malipo kuingia benki, Katibu wa chama cha msingi huletewa ombi ambalo halimo katika ajenda ya mkutano wowote. Mwanachama anataka kurudishiwa hisa zake, kwa kuwa ameazimia kuhamia nchi ya baridi. Amesikia habari za Njombe, za Makete na za Mufindi. Ameambiwa kwamba huko mvua haimdanganyi mkulima, parachichi zina wanunuzi, viazi vinaoteshwa hata milimani, na mbu ni wachache. Mwanachama huyo si mvivu wala mtoro. Ana watoto wanaokua na shamba lisilokua.

Wazee humjibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Vijana humjibu kwa methali nyingine: tembea ujionee. Methali zote mbili ni za kweli, na ndiyo maana hakuna hata moja inayotosha kumwamulia. Mazungumzo haya hayakukusudiwa kumzuia mtu wala kumsukuma. Yana neno moja tu la kusisitiza: uamuzi wa kuhama ufanywe kule kunakohamiwa, katika mwezi wa baridi kali, na kabla mkorosho hata mmoja haujauzwa nyumbani.

FUNZO LA ZAMANI

Watu wa kusini wanajua vema jinsi uhamaji unavyoweza kuharibu mali. Mwezi wa Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Wakulima wengi walijikuta wakilala mbali na mikorosho yao. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Uhamaji haukuwa sababu pekee. Ugonjwa wa ubwiri unga ulienea, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Lakini kila aliyeishi siku zile anakumbuka mashamba yaliyogeuka kuwa vichaka, na moto wa kiangazi ulivyoingia humo.

Wakati ule mkulima hakuchagua. Leo anachagua mwenyewe, kwa hiyo hana wa kumlaumu akichagua bila kupima.

BARIDI YENYEWE

Jambo la kwanza la kupimwa ni baridi. Joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 6 za sentigredi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda kutoka usawa wa bahari. Mji wa Njombe unakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Mwanachama anayetoka katika nyanda za Mtwara au Lindi zilizo chini ya mita 500, akienda kukaa Njombe, amejipunguzia nyuzi kama 9 usiku na mchana, mwaka mzima. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, sehemu za Makete na za Njombe hupata sakitu, yaani umande ulioganda. Bustani ya viazi iliyokuwa kijani jioni huonekana asubuhi kana kwamba imemwagiwa maji ya moto.

Inafaa pia ijulikane kwamba jina la mkoa si hali ya hewa. Kyela imo katika Mkoa wa Mbeya, lakini ipo pwani ya Ziwa Nyasa, nako ni joto, na mazao yake ni mpunga na kakao. Bonde la Usangu nalo ni la joto. Hata Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Iringa mwaka 2012, una vijiji vya Ludewa vilivyo kando ya ziwa ambako blanketi zito halihitajiki. Asemaye “nahamia Mbeya” hajasema bado anahamia wapi.

KALENDA YA SHAMBA

Watu hudhani kuwa baridi ni jambo la nguo. Kwa mkulima, baridi ni jambo la kalenda. Mahindi ambayo katika nchi ya joto hukomaa kwa miezi mitatu au minne, katika nyanda za juu huweza kukaa shambani miezi sita hadi minane. Mbegu ya muda mfupi iliyozoeleka nyumbani siyo mbegu ya huko. Zipo aina zilizochaguliwa kwa ajili ya miinuko, na kituo cha utafiti cha Uyole, karibu na mji wa Mbeya, kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Afikaye Februari amekwisha kuchelewa, naye itampasa kununua chakula mpaka mavuno ya mwaka unaofuata.

Mkorosho hauvumilii baridi ile. Ujuzi wa kupuliza salfa na kupogolea mikorosho, alioupata mtu kwa miaka ishirini, hautamfaa kitu huko. Ataanza kama mwanafunzi. Mazao ya nchi ya baridi yana tabia zake. Pareto haitoi maua vizuri pasipo baridi. Viazi mviringo hukomaa kwa miezi mitatu au minne, lakini mvua na ukungu vikizidi, ugonjwa wa bakajani waweza kulimaliza shamba katika siku chache asiyekuwa na dawa. Mche wa parachichi uliobebeshwa huhitaji kama miaka mitatu ndipo uanze kuzaa. Miti ya mbao hungojwa miaka mingi zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: familia itakula nini katika miaka ya kungoja?

ARDHI NA SOKO

Ardhi ya kijiji haiuzwi njiani. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mgeni anayepokea fedha za korosho na kumkabidhi mtu mmoja nyumbani kwake, kwa karatasi iliyosainiwa na mashahidi wawili, hajapata ardhi, amepata kesi. Tena aulize habari za kuni. Sehemu kubwa ya miti inayoonekana huko ni misonobari, mikaratusi na miwati iliyopandwa, na kila shamba lina mwenyewe.

Kuhusu soko, mwanachama wa korosho amezoea mizani ya chama, na amezoea mnada wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hili katika msimu wa 2007/08. Mara nyingi hulalamika juu ya makato na ucheleweshaji wa malipo, na malalamiko mengine ni ya haki. Lakini na aulize kwanza: zao analolifuata lina chama? Mahali ambapo viazi havina chama, mkulima huuza kwa gunia lililoshonewa kilemba, yaani lumbesa, ingawa sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Mkulima mmoja peke yake hawezi kubishana na lori. Anayehama asichukulie kwamba ushirika utakuwa unamngoja. Pengine itampasa yeye mwenyewe kuwa miongoni mwa watakaouanzisha.

NYUMBA NA AFYA

Ni kweli kwamba malaria ni chache katika miinuko ile kuliko pwani. Lakini watoto wachanga na wazee huweza kushikwa na nimonia, na nyumba yenye upenyo chini ya paa, ambayo Masasi ni neema, kule ni adhabu. Gharama za matofali ya kuchoma, milango inayofunga sawasawa na mablanketi zihesabiwe mapema. Na hili lisemwe bila kuficha: wageni wengi wa nchi ya baridi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje au mahali penye hewa, hata baridi iwe kali kiasi gani.

MFANO WA MWANACHAMA MMOJA

Na tumfikirie mwanachama mwenye mikorosho themanini, mke, watoto watano na mama mzee. Ameandika barua ya kujitoa katika chama na amepata mnunuzi wa mikorosho yote. Katibu mwenye busara hamkatalii, bali anamwuliza: mikorosho hiyo ni ya nani? Hapo mwanachama ananyamaza. Arobaini aliipanda mwenyewe. Arobaini nyingine imo katika ardhi ya ukoo wa mkewe, kwa kuwa katika jamii nyingi za kusini ukoo hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Nyumba nayo ni ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja wa wanandoa kuiuza bila ridhaa ya mwenziwe. Mkewe hajaulizwa. Alipoulizwa jioni ile, jibu lake lilikuwa fupi: “Baba watoto, sikukatai. Lakini mama yako hana meno wala nyama mwilini. Nenda wewe kwanza Julai, ulale huko, kisha uniambie kama atapona.”

Alikwenda Julai, kwa njia ya Tunduru na Songea. Alikaa wiki tatu kwa kibarua cha kuchimba viazi, akalala katika chumba cha kupanga. Aliona udongo mzuri na vijito visivyokauka, na hayo hakuwa amedanganywa. Aliona pia sakitu, bei ya shamba, na miche ya parachichi inayomfikia mtu kiunoni ikiwa bado haijazaa kitu. Aliporudi hakusema “tunahama” wala “hatuhami”. Alimkalisha mkewe na mjomba, akaeleza alichokiona, nao wakapatana hivi: kijana mkubwa aende kukodi ekari moja kwa msimu mmoja, mikorosho yote ibaki na ipuliziwe dawa kama kawaida, barua ya kujitoa katika chama irudishwe, na mama mzee asihamishwe kabisa maadamu yu hai. Baada ya mavuno mawili watakaa tena.

Huenda mwishoni familia hiyo itahama, huenda haitahama. Lakini lolote litakalokuwa, hakuna mti utakaobaki bila mtu, wala mtu atakayebaki bila chakula.

WAJIBU WA KATIBU

Katibu si mwamuzi wa maisha ya wanachama, lakini anayo mambo manne ya kutenda mwanachama anapoleta ombi la kuhama.

Kwanza, amwonyeshe daftari lake: hisa zake, deni lake la pembejeo, na malipo ambayo bado hayajaingia. Mtu asiondoke akiwa hajui anachodai na anachodaiwa.

Pili, amsomee masharti ya chama kuhusu kujitoa na kuhusu kuhamishia hisa kwa mrithi, polepole na kwa lugha inayoeleweka. Kama mke au mtoto atabaki akitunza mikorosho, Katibu amweleze namna mtu huyo anavyoweza kuingia uanachama, ili korosho zisiuzwe kwa jina la mtu asiyekuwapo.

Tatu, ahakikishe taarifa za benki na za usajili wa mkulima ziko sawa. Malipo yanayopotea hupotea zaidi kwa watu walioko mbali.

Nne, asimcheke wala asimwite msaliti. Uanachama ni wa hiari, na aliyeondoka kwa heshima hurudi kwa heshima. Wapo watakaorudi. Akirudi na kukuta hesabu yake imeandikwa vizuri, atajua kwamba chama kilikuwa chake hata alipokuwa mbali.

Ndugu Makatibu, ombi la namna hii likifika mezani, lisiwekwe pembeni lingoje Mkutano Mkuu, wala lisipigwe muhuri siku hiyo hiyo. Mwanachama apewe kiti, daftari lifunguliwe, na aulizwe maswali haya matatu: Umekwisha kulala huko Julai? Nani atabaki na mikorosho? Mama wa nyumba amesema nini? Mwenye majibu matatu, apewe barua yake na atakiwe safari njema. Asiyekuwa nayo, arudi nyumbani akayatafute. Nauli ya kwenda kutazama ni ndogo kuliko nauli ya kurudi na watoto watano.