Hesabu ya Maji ya Kijiji

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya maji, wala si habari ya kuyachemsha, kwani hiyo mmekwisha kuisikia sana. Nataka kunena juu ya hesabu yake.

Kijijini kwetu yalijengwa maji ya bomba kutoka chemchemi ya mlimani. Wapimaji walikuja mwezi wa Mei, masika yamekolea, wakaona jinsi maji yanavyobubujika, wakafurahi, nasi tukafurahi pamoja nao. Bibi mmoja mzee, aliyechota hapo tangu usichana wake, aliwaambia, "Wanangu, rudini Oktoba mkayatazame." Hawakurudi. Tena, kwa kuyaona maji ni mengi, hawakujenga tangi. Kiangazi kilipofika, mabomba ya upande wa juu yalitoa upepo tu, na binti za dada yangu wakarudia kushuka bondeni alfajiri, hata shuleni wakafika saa nne.

Nilipokuwa likizoni tulikwenda kupima wenyewe, mwezi wa Oktoba. Chombo chetu kilikuwa debe la lita 20 na saa ya mkononi. Debe lilijaa kwa sekunde 32. Maana yake, kwa siku nzima chemchemi hutoa lita 54,000. Sisi tu watu 2,000, na kipimo cha Tanzania kwa mtu wa kijijini ni lita 25 kwa siku. Basi twahitaji lita 50,000. Mtasema, mbona yatosha? Yatosha kwenye karatasi. Walakini watu huchota mchana, na chemchemi hailali. Nusu ya maji yale, lita 27,000, yalikuwa yakimwagika usiku huku sisi tumelala. Hapakuwa na upungufu wa maji hasa. Palikuwa na upungufu wa tangi.

Sasa tazameni mbele. Bomba halijengwi kwa ajili ya leo. Watu wakizidi 3 katika kila 100 kwa mwaka, baada ya miaka 20 tutakuwa 3,600 na zaidi kidogo, nasi tutahitaji lita 90,000. Hapo hata tangi halitatuokoa. Yatupasa kupata chemchemi ya pili. Kwa hiyo kazi zina utaratibu wake: tangi kwanza, chemchemi ya pili baadaye. Lakini bomba kubwa linalotoka mlimani lataka kununuliwa pana tangu mwanzo, kwa kuwa bomba lililokwisha fukiwa halipanuliki. Vituo vya kuchotea vyaweza kungoja. Kwa kadiri ya bomba moja kwa watu 250, leo twahitaji 8, na wakati ule 15. Hayo huongezwa moja moja.

Liko na jambo la fedha. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20, ili kila mwanakijiji apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Lengo halikufikiwa. Mahali pengi mitambo ilijengwa, kisha ikaharibika pasipo fedha ya kuitengeneza. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikaweka juu ya wanavijiji gharama ya kuendesha na kutengeneza, na sheria ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Wengi wetu hulipa kwa kunung'unika, na mimi nimo. Lakini chukueni mfano: pampu ya shilingi 12,000,000 ikidumu miaka 10, yataka kuwekewa shilingi 100,000 kila mwezi. Nyumba zikiwa 400, ni shilingi 250 kwa nyumba moja. Na kwa kuwa bei hupanda, afadhali kuzidisha kidogo.

Kamati yetu imekubali kuanza na tangi. Chemchemi ya pili itapimwa Oktoba ijayo, na bibi yule ameombwa atuonyeshe njia.