Ukingo Huamriwa na Kilicho Ndani: Elektroni za Usoni na Ufuo wa Rumonge



Miaka hii ziwa letu la Tanganyika limepanda. Watu wa Gatumba wamehama nyumba zao, na mwambaoni kote kuna miti ambayo jana ilikuwa nchi kavu na leo imesimama majini. Lakini katika mateso hayo yote, kuna jambo moja halikutokea: ufuo haukufutika. Ulihama tu. Maji yakipanda, ufuo hupanda nayo. Yakishuka, hushuka nayo. Na sababu yake iko wazi: madhali upande huu ni maji na upande ule ni nchi, lazima pawe na mahali yanapokutana. Ufuo haujiamulii kuwepo. Huamriwa na vitu viwili vilivyo pande zake.

Hilo ndilo somo langu la leo, ila naliingiza ndani ya jiwe.

Waya wa umeme una shaba ndani na plastiki nje. Elektroni za shaba hutembea. Za plastiki zimefungwa, kwa kuwa kati ya ngazi ya nishati zilipokaa na ngazi ambako zingekuwa huru pana pengo zisiloweza kuliruka. Kitu cha namna hiyo twakiita kihami. Sasa kuna fuwele ya bismuthi na seleni ambayo ndani ni kihami, lakini usoni inapitisha umeme. Msidhani imepakwa kitu. Dhahabu ya kupaka ukiikwangua inakwisha. Fuwele hii ukiipasua, uso mpya uliozaliwa sasa hivi nao unapitisha umeme. Ukiipasua tena, ni vilevile.

Kwa nini? Tazameni ngata anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika beseni la ndagala. Ibonyezeni, ivuteni, ipindeni: bado ina tundu moja. Bonge la ugali halina tundu hata moja. Hakuna kitu chenye nusu tundu, na huwezi kuigeuza ngata kuwa bonge bila kufika dakika ya kuliziba lile tundu. Tawi la hisabati linalohesabu mambo yasiyobadilika kwa kubonyezwa huitwa topolojia. Mawimbi ya elektroni ndani ya fuwele nayo yana hesabu ya namna hiyo. Ndani ya bismuthi seleni hesabu ni moja; katika hewa ya nje ni sifuri. Ili hesabu ibadilike, lile pengo la nishati halina budi kufungwa mahali fulani njiani. Mahali hapo ni usoni. Pengo likifungwa, elektroni ziko huru.

Ujuzi huu haukuja kwa siku moja. Mwaka 1980, huko Grenoble, Klaus von Klitzing alipima umeme katika tabaka jembamba ndani ya sumaku kali, akakuta ukinzani unasimama kwenye ngazi zilizojengwa juu ya thamani moja, omu 25,812.807, hata kama kipande kina uchafu. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake walionyesha kwamba nyuma ya usahihi ule kuna hesabu ya kitopolojia. Kazi hiyo na zilizoandamana nayo zilimpatia Tuzo ya Nobel ya 2016 pamoja na Duncan Haldane na Michael Kosterlitz. Mwaka 2005 Charles Kane na Eugene Mele walisema jambo la jinsi hii laweza kutokea bila sumaku. Miaka miwili baadaye kundi la Laurens Molenkamp huko Würzburg lililipima katika tabaka la zebaki na teluri. Mwaka 2008 na 2009 kundi la Zahid Hasan wa Princeton liliziona hali za uso zenyewe, kwanza katika bismuthi na antimoni, kisha katika bismuthi seleni.

Zinaonwaje? Fuwele hii imepangwa kama chapati zilizolaliana; kila moja ina safu tano za atomu: seleni, bismuthi, seleni, bismuthi, seleni. Kati ya chapati na chapati mshiko ni dhaifu. Mtafiti hugundisha kijiti juu ya fuwele, huiingiza katika chumba kilichotolewa hewa, kisha hukigonga kijiti. Fuwele hubanduka, na uso ambao haujawahi kuguswa na hewa hujitokeza. Hapo huumulika kwa mwanga wa urujuanimno. Mwanga huzing'oa elektroni za safu za juu kabisa, naye hupima zimetoka kwa pembe gani na kwa nishati kiasi gani. Akizichora, katikati ya lile pengo huona mistari miwili iliyokatana kama herufi X.

Mistari hiyo ina siri. Kila elektroni ina mzunguko wake uitwao spini, na juu ya uso huu spini imefungamana na uelekeo wa safari: iendayo mashariki na iendayo magharibi zina spini zinazopingana. Elektroni ikikutana na atomu ya uchafu yaweza kupinda, lakini haiwezi kugeuka na kurudi ilikotoka, maana atomu isiyo na usumaku haina uwezo wa kuipindua spini yake.

Rudini sasa ziwani, maana huko nako kuna safari za ukingoni zisizogeuka nyuma. Wavuvi wanajua kwamba kusi ya kiangazi husukuma maji ya juu kuja kaskazini kwetu. Chini yake, mpaka wa maji ya vuguvugu na maji baridi huinama, na upepo ukitulia huyumba kwa wiki tatu hadi nne. Mwaka 2004 Jaya Naithani na Eric Deleersnijder walichunguza kwa kompyuta mawimbi ya Kelvin kwenye mpaka huo ndani ya Tanganyika. Haya ni mawimbi yanayoshikamana na ufuo, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia, kusini mwa ikweta huenda na ufuo ukiwa kushoto kwao. Basi mbele ya mji wetu wa Rumonge njia yao ni moja: kutoka Bujumbura kuelekea Nyanza-Lac. Mwaka 2017 Pierre Delplace, Brad Marston na Antoine Venaille wakathibitisha kwamba ndugu zao, mawimbi ya Kelvin yafuatayo ikweta kwenda mashariki, yana asili ya kitopolojia, kwa hesabu ya jamii moja na ile ya elektroni za usoni. Bahari na fuwele zimesoma darasa moja.

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta kinachotuhusu. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani na China waligundua hali za uso za aina nyingine katika tantali na aseniki. Tantali hutoka kwenye koltani, na koltani huchimbwa Kabarore, kaskazini mwa nchi yetu ya Burundi, na ng'ambo ya ziwa huko Kivu. Huondoka kwenye magunia. Elimu yake haijarudi.

Inaweza kurudi. Mwaka 2012 Eldoret, Kenya, ilipokea shule ya Afrika ya kukokotoa mienendo ya elektroni. Tangu 2018 Kigali ina taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa sayansi ya msingi, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayotumika duniani kote kwa kazi hii, ni ya bure. Na mwaka 2019, maelfu ya maada zilipochunguzwa kwa kompyuta, zaidi ya robo zilikuwa na topolojia ya aina hii. Maada nyingi bado hazijapasuliwa wala kumulikwa na mtu yeyote.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kionekanacho juu kimetengenezwa chini. Wazazi, msiwatoe watoto kwenye hisabati kwa kuwa ni ngumu. Nanyi wanafunzi wa Rumonge, jioni hii shukeni ufuoni, tazameni mahali maji yanapogusa mchanga, mjiulize ni nini kilichoamuru mstari ule uwe pale. Kisha kesho mje darasani na swali hilo.