Pumzi Ndefu, Moyo Tulivu



Katika maadhimisho kama haya tumezoea kuwataja waliolijenga hekalu na wanaolitunza. Leo tumeombwa tuuzungumzie mzigo ambao wengi wetu huubeba kimya, nao ni wasiwasi. Mfanyabiashara hulala akihesabu madeni, mwanafunzi hutetemeka kabla ya mtihani, na mama hukesha akimngoja mwana aliye safarini. Majumbani mwetu maradhi ya mwili hutajwa bila haya, lakini wasiwasi hufichwa, ukaitwa udhaifu au upungufu wa imani. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtu anapohisi hatari, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na pumzi huwa fupi, ikaishia kifuani. Mwili hujiandaa kukimbia au kupigana, hata kama adui mwenyewe ni barua ya benki tu. Hatuwezi kuuamuru moyo upunguze mapigo. Pumzi, hata hivyo, ina tabia mbili: hujiendesha yenyewe tulalapo, na hututii tutakapo. Hapo ndipo ulipo mlango. Tunapoitoa polepole, mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni hupunguza kasi ya mapigo.

Wahenga wa India waliliita zoezi hili pranayama: prana ni pumzi ya uhai, na ayama ni kurefusha. Yoga Sutra ya Patanjali inazitaja sehemu 8 za yoga. Ya 3 ni mikao ya mwili, na ya 4 ni pranayama. Utaratibu huo unatufaa hata sisi, kwa kuwa mwili uliojiandaa kukimbia hautulii kwa kuamriwa uketi. Kwanza upewe mwendo.

Basi tuanze tukiwa tumesimama. Tuinue mikono polepole tukivuta pumzi, tuishushe tukiitoa, mara 5 au 6. Wenye nguvu waweza kufanya Surya Namaskar, salamu ya jua yenye hatua 12. Asiyeweza kusimama na apandishe na kushusha mabega akiwa kitini.

Kisha tuketi, mgongo wima, kiganja juu ya tumbo. Tuvute pumzi kwa pua tukihesabu hadi 4, tumbo liinuke. Tuitoe tukihesabu hadi 6. Tukihesabu kwa sekunde, tutapumua mara 6 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zatosha kuanzia. Wala tusingoje siku ya tufani: baharia hujifunza kushika usukani bahari ikiwa shwari.

Wenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu, pamoja na wajawazito, wasibane pumzi wala kupumua kwa kasi kama katika kapalabhati. Kizunguzungu kikija, turudie pumzi ya kawaida. Na wasiwasi ukimnyima mtu usingizi, chakula au kazi kwa majuma, daktari aonwe, na dawa alizoandika zisiachwe. Kutafuta tiba si kushindwa.

Baadhi ya majirani wametuuliza kama kufanya haya ni kuabudu. Kwetu sisi, yoga ni sehemu ya njia ya kumtafuta Mungu, wala hatulifichi hilo. Lakini kuhesabu pumzi hakumdai mtu abadili sala yake. Mwislamu, Mkristo na Mhindu huvuta hewa ileile.

Tunawaomba jambo moja tu. Usiku wa leo, kila mmoja wetu amuulize mtu mmoja nyumbani kama analala vizuri, amsikilize hadi mwisho bila kumkatiza, kisha wapumue pamoja kwa dakika 5.