Mwalimu wa Nyang'ori: Hotuba ya Kwaya Siku ya Jubilei

 

Leo hapa Malinya tunasherehekea miaka 50 ya kwaya hii.

Tuliombwa tumkumbuke mtumishi mmoja wa Mungu aliyelitumikia Neno. Tulibishana, maana kwaya isiyobishana bado hatujaiona. Mwishowe tukamchagua ndugu Derek Prince, kwa sababu aliwahi kuwa jirani yetu. Ukipanda matatu ya Kisumu, ukapita Chavakali, Mbale na Majengo, unafika Nyang'ori. Hapo, kwenye misheni ya Wapentekoste wa Kanada, alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu tangu 1957 hadi 1961.

Alizaliwa mwaka 1915 huko Bangalore, India, mtoto wa familia ya wanajeshi Waingereza. Alisoma Eton, kisha Cambridge, akawa mwalimu wa falsafa. Kigiriki na Kilatini alivijua tangu utotoni. Mungu hakuwa habari yake. Vita vya pili vilipoanza akaingizwa jeshini, kikosi cha matibabu, akabeba Biblia aisome kama kitabu kingine cha falsafa. Mwaka 1941, usiku mmoja kambini Uingereza, Yesu akamkuta.

Baadaye akapelekwa Afrika Kaskazini, na huko ngozi yake ikaharibika. Alilala hospitalini Misri karibu mwaka mzima, na madaktari hawakuweza kumsaidia. Ndipo akafika Mithali sura ya 4, mstari wa 20 hadi 22, panapofundisha kwamba maneno ya Mungu ni afya kwa mwili. Akajiambia kwamba dawa humezwa mara tatu kwa siku baada ya chakula, basi naye atalimeza Neno hivyo hivyo. Asubuhi, mchana na jioni alifungua Biblia. Alipelekwa Sudan, kwenye joto ambalo lingemzidishia ugonjwa, akaendelea na dozi yake, na huko akapona.

Hapa tujiseme wenyewe. Sisi wanakwaya tunakuja mazoezini Jumatano na Jumamosi, tunagombania sauti ya tatu hadi giza liingie, lakini ukituuliza wimbo tunaoimba umetoka kitabu gani cha Biblia, wengi tutaangalia chini.

Vita vilipoisha alioa mwaka 1946. Mkewe Lydia, mmisionari kutoka Denmark, alikuwa akilea watoto wasio na wazazi huko Ramallah, kwa hiyo siku ya harusi ndugu Prince akawa baba wa mabinti wanane. Wa tisa walimpata hapa Kenya, mtoto mchanga Mwafrika. Wazee wetu wangesema nyumba hiyo ilibarikiwa.

Nyang'ori alikuta wanafunzi wenye bidii na adabu. Walisoma Biblia, walijibu maswali vizuri. Lakini yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliona swali mioyoni mwao ambalo hawakuthubutu kulisema mbele ya wamisionari: je, hiki si kitabu cha mzungu? Hakuwakemea. Alilitaja swali hilo waziwazi, akawaambia kwamba hawataridhika mpaka wao wenyewe waonje nguvu za Mungu, si kwa kuambiwa na mtu kutoka Uingereza. Ikachukua muda. Kisha Roho akawashukia wale vijana, na ushuhuda wa siku zile aliurudia kila alikokwenda, hadi uzee wake.

Aliandika pia kuhusu Agosti 1960. Kongo ilikuwa imepata uhuru mwezi wa Juni na damu inamwagika. Watu waliogopa kwamba Kenya itafuata. Vijana Waafrika wakakutana huku magharibi, wakaliombea taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Baadhi ya bibi na babu zetu walikuwa watu wazima wakati huo. Waliombewa, na sisi tumo ndani ya maombi hayo.

Alipoondoka Kenya alikwenda Kanada, halafu Marekani. Vitabu vyake na kanda zake zikafika mbali, na kuanzia 1979 akawa redioni. Alifariki usingizini Yerusalemu, 24 Septemba 2003, akiwa na miaka 88.

Lakini kuna jambo tusingependa kuliruka, ingawa lingeturahisishia hotuba. Miaka ya 1970, huko Fort Lauderdale, yeye na walimu wenzake wanne walifundisha kwamba kila Mkristo awe chini ya mchungaji wake binafsi. Pengine nia ilikuwa njema. Ila mahali pengine wachungaji walianza kuamua nani amuoe nani, nani afanye kazi wapi, pesa zitumikeje. Watu waliumia. Mwaka 1983 ndugu Prince alijitoa, akakiri kwamba walikosea, akalifananisha kosa lao na la Wagalatia walioanza kwa Roho wakaishia katika mwili. Msomi wa Cambridge, mwenye miaka karibu 70, anasimama na kusema tulikosea! Kwetu sisi huo ni ushujaa kuliko digrii zake zote.

Tunalisema kwa sababu linatuhusu. Kulikuwa na miaka ambapo kamati ya kwaya hii ilijifanya mchungaji wa kila mtu. Tulitoza faini kwa kuchelewa, hata kwa mama aliyekuwa na mtoto mgonjwa. Tulimsimamisha dada yetu kwa sababu hatukupenda mchumba wake. Tuliwasomea wenzetu majina yao mbele ya kanisa. Wengine walihama, wengine waliacha kuimba kabisa. Baadhi yenu mmekaa viti vya nyuma leo, tumewaona mkiingia.

Tulikosea. Tunaomba msamaha, na tunaomba mbele ya watu kwa sababu tuliwaaibisha mbele ya watu.

Baada ya hotuba hii kwaya itasimama kuimba wimbo wa kwanza tuliofundishwa na waanzilishi wetu. Maneno mnayajua. Ninyi mliotoka, tunawaomba mje mbele msimame nasi, kila mtu kwenye sauti yake ya zamani. Sare si lazima.