Shule ya Juu na Shule ya Bondeni: Tunalinganisha Nini?

Mwenyekiti, walimu wakuu na maafisa elimu kata,

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutangaza shule kumi bora. Sisi bado tunazipanga zetu. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, swali la kwanza ni nani wa ngapi.

Sipingi kulinganisha. Mzazi wa Laela ana haki ya kujua kama mwanawe anafundishwa sawa na mtoto wa Mpui. Ninachokataa ni kulinganisha kwa asilimia ya ufaulu peke yake.

Tuseme shule mbili ziliandikisha watoto 100 kila moja darasa la kwanza. Ya kwanza ilifikisha 85 kwenye chumba cha mtihani, wakafaulu 68, yaani asilimia 80. Ya pili ilifikisha 40, wakafaulu 36, asilimia 90. Ya pili itapigiwa makofi, ilhali imevusha watoto 36 tu kati ya 100 iliowapokea. Wale 60 hawamo kwenye karatasi yoyote tunayoijadili. Waliohama wana barua za uhamisho. Wengine wako wapi?

Nimefundisha juu na nimefundisha bondeni. Kutoka Sumbawanga mjini, kwenye mita zipatazo 1,800, ukishuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa unafika kama mita 800, na kalenda ya kazi inabadilika nawe. Juu mtoto hukosa shule kwa palizi ya mahindi na kuswaga maksai. Bondeni mpunga ukianza kuchanua, watoto huenda kuamia ndege tangu alfajiri. Katika shule moja ya huko nilikuwa nikiita majina ya darasa la sita, nusu hayaitikiwi. Wenyewe nilikuwa nimewapita njiani, wameshika manati na madebe. Sikuweza kuwakasirikia, maana mpunga ule ndio uliowanunulia sare na madaftari.

Walimu nao hawakugawanyika sawa. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na wastani wa halmashauri unaweza kuukaribia huku shule ya kando ya barabara ya Tunduma ikiwa na walimu 15 na ya chini ya mteremko ikiwa na wanne kwa madarasa saba. Anayepangiwa bondeni bila nyumba ya kuishi huomba uhamisho mapema, nami simlaumu.

Fedha ya uendeshaji, tangu elimu bila ada ianze 2016, hufuata idadi ya vichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 200 huhesabiwa milioni 2, ingawa paa lake huvuja kama la shule kubwa.

Ninapendekeza tulinganishe kata zenye hali zinazokaribiana: Muze na Mtowisa za bondeni, Laela na Mpui za juu. Fomu iwe ya ukurasa mmoja: walioandikishwa darasa la kwanza, waliofika darasa la saba, waliofaulu, walimu waliopo kazini badala ya waliomo kwenye ikama, na mahudhurio ya miezi ya palizi na mpunga. Kumbukumbu zilizopo shuleni zinatosha kuijaza. Naomba kata hizi nne zianze muhula huu, na majina ya watoto waliopotea njiani yaorodheshwe nyuma ya fomu, moja moja.