Mgeni Akipewa Jembe, Apewe na Shamba



Wazee walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe bila shamba ni mzigo tu.

Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji Burundi, wakaingia Tanzania. Walipelekwa Ulyankulu, Katumba na, miaka michache mbele, Mishamo. Leo ni mikoa ya Tabora na Katavi. Wakati ule kulikuwa pori. Kila familia ikapewa shamba. Wakafyeka, wakalima mahindi, maharage na tumbaku. Shule na zahanati zikajengwa. Pori likawa vijiji.

Miaka mingi ikapita. Watu zaidi ya 162,000 wakakubaliwa uraia. Lakini wakaambiwa wahamie mikoa mingine! Je, ndugu yangu, ungejenga nyumba ya matofali mahali unapoambiwa uondoke? Ungepanda mwembe? Hata! Watu walikaa roho juu. Mwishowe mpango ule ukaachwa, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao vya uraia.

Basi, kijiji chenye ardhi kubwa na mikono michache kikumbuke hili. Shamba humleta mgeni. Shule na zahanati humtuliza. Lakini atapanda mwembe akijua tu kwamba kesho hafukuzwi.