Meli ya Kirkenes

Zamani barua iliyotoka Trondheim, katikati ya Norway, kwenda Hammerfest huko kaskazini ilichukua wiki tatu majira ya joto. Wakati wa baridi iliweza kuchukua miezi mitano. Mwaka 1893 nahodha Richard With alifunga mkataba na serikali, akapeleka meli kila wiki, usiku na mchana, katika pwani yenye miamba mingi na minara ya taa ya kuhesabu. Safari ikawa ya siku tatu hivi.

Njia hiyo ingali hai. Huanzia Bergen na kuishia Kirkenes, jirani na mpaka wa Urusi, ikigusa bandari 34. Bahari haigandi kule, maana mkondo wa maji ya vuguvugu hupanda kutoka Atlantiki. Nilisafiri kipande cha mwisho, kutoka Tromsø, mwezi Desemba, wakati jua halichomozi kabisa.

Watalii walijaa sitaha ya juu wakisubiri ile mianga ya kijani angani. Nami niliitazama, ni mizuri kweli. Lakini kilichonivutia zaidi ni mlango wa shehena ubavuni. Kila bandari ulifunguliwa, foklifti ikatoka na mizigo, ikarudi na mingine. Mahali pamoja, usiku wa manane, yalishushwa maboksi machache tu, wakapanda abiria watatu, tukaondoka.

Mfanyabiashara gani angesimamisha meli nzima kwa maboksi hayo? Hakuna. Serikali ndiyo inayolipa. Tangu mwaka 2021 kampuni mbili zinagawana kazi, na mkataba unazidai zipite hata bandari hizo ndogo. Wapo wanaouliza fedha hizo za nini, ilhali barabara na ndege zipo. Waulize watu wa Berlevåg, ambao barabara yao ya mlimani hufungwa theluji ikichafuka. Nao pia hawadekezwi: bahari ikikataa, meli hupita bila kutia nanga na mzigo wao husonga mbele. Msikilizaji uliyekulia kisiwani, mambo hayo huhitaji kuelezwa.

Kirkenes tulifika saa tatu asubuhi, giza la samawati bado limetanda. Watalii walipanda mabasi. Meli ikapakua, ikapakia, na saa sita na nusu ikageuza kurudi kusini.